Usiseme "Bofya Hapa": Kuchagua Maneno ya Viungo vya Duka Lako la Mtandaoni

Kama unauza mafuta ya alizeti, zabibu kavu, asali au unga wa ubuyu kutoka Dodoma na una tovuti yako mwenyewe, bila shaka umeshaambiwa kwamba unahitaji linki: tovuti za watu wengine zikutaje na zimpe msomaji njia ya kubofya aje kwako. Ushauri huo ni wa kweli, ila unaishia njiani. Linki, au kiungo, ina sehemu mbili: ukurasa inakoelekea na maneno yanayobofywa. Wauzaji wengi huhangaika kuipata tu. Ikishapatikana hawaangalii imeandikwaje.

Mwandishi wa mapishi anaweza kuandika, "Mafuta niliyotumia utayapata hapa," neno "hapa" likawa ndilo la kubofya. Anaweza pia kuandika, "Nilikaangia mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa Dodoma," na maneno "mafuta ya alizeti" yakawa ndiyo ya kubofya. Msomaji atafika ukurasa uleule kwa njia zote mbili. Lakini Google, inayopita ikisoma viungo hivyo, itaondoka na habari kamili katika kiungo cha pili, na katika cha kwanza italazimika kuokoteza maana kwenye maneno ya jirani. Ni kama kumwelekeza mgeni katika soko la Majengo: ukimwambia "nenda pale" atazunguka, ukimwambia "nenda kwa wauza karanga" atafika.

Jambo hili si geni. Larry Page na Sergey Brin, walioanzisha Google, walilieleza katika makala yao ya kitaalamu ya mwaka 1998 wakiwa bado wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford. Waliandika kwamba maneno ya kiungo mara nyingi huueleza ukurasa vizuri kuliko ukurasa unavyojieleza wenyewe, na kwamba yanaweza kueleza hata kitu ambacho mtambo hauwezi kukisoma, kwa mfano picha. Hilo la picha linatuhusu sana. Maduka mengi ya mtandaoni ya hapa kwetu ni mabango matupu: picha ya dumu, bei imechorwa juu ya picha, namba ya simu chini, basi. Ukurasa wa namna hiyo hauna neno la kusomeka, kwa hiyo unategemea wengine wauseme. Kwanza andika maelezo kwa maandishi ya kawaida. Kisha fikiria maneno ya viungo.

Maneno yako kwenye simu

Watu wakitaka kuchagua maneno hukimbilia vifaa vya kitaalamu. Fungua kwanza WhatsApp. Pitia jumbe za wateja wa miezi iliyopita na uandike pembeni maneno yao jinsi walivyoyaandika: "dumu la lita 20 shilingi ngapi", "mnauza jumla", "mafuta yamechujwa", "asali ya nyuki wadogo ipo", "mnatuma Mwanza". Hayo ndiyo maneno ambayo mtu asiyekufahamu atayaandika kwenye Google. Sasa yalinganishe na maneno uliyoyaweka wewe kwenye tovuti. Mara nyingi utakuta umeandika "bidhaa bora, asilia na salama kwa afya yako". Hakuna anayetafuta "bidhaa bora". Anatafuta mafuta, anataka kujua ni lita ngapi, bei gani, na kama yanafika alipo.

Ukishapata orodha hiyo, nenda Google uanze kuandika neno moja moja, uangalie mapendekezo yanayoshuka chini. Tumia dirisha la siri la kivinjari, la sivyo Google itakurudishia mazoea yako mwenyewe. Kama tovuti yako imeshaunganishwa na Google Search Console, ambayo ni ya bure, ripoti yake ya utendaji itakuonyesha watu waliandika nini hadi ukurasa wako ukatokea mbele yao, hata kama hawakubofya. Google Trends nayo ina faida yake, ingawa kwa maneno mengi ya Kiswahili itakuambia haina data ya kutosha. Usilitupe neno kwa sababu hiyo. Maana yake ni kwamba wanaolitafuta ni wachache, na muuzaji wa madumu hahitaji watu milioni.

Chukua mfano wa mlenda mkavu. Mgogo anayeishi Dar es Salaam au Arusha na aliyekumbuka chakula cha kwao anaweza kuandika "mlenda wa Dodoma", na mwingine akaandika "ilende" kabisa. Watafutaji ni kiganja kimoja, washindani ni sifuri, na kila mmoja wao anajua anachokitaka. Maneno ya aina hii yana thamani kuliko "chakula cha asili", ambalo hata ukilipata kwa miujiza litakuletea wanafunzi wanaoandika kazi za darasani.

Neno lenye wapangaji wengi

Kabla ya kuliweka neno kwenye kiungo, uliza nani mwingine anaishi ndani yake. Ubuyu ndio mfano wangu, kwa kuwa unawaponza wengi. Mibuyu imejaa nyanda hizi za kati, na unga wake unauzwa vizuri. Lakini anayeandika "ubuyu" peke yake anaweza kuwa anataka ule mwekundu wa sukari unaopendwa Zanzibar na Dar es Salaam, anaweza kuwa anataka unga wa kutengeneza juisi, anaweza kuwa anataka mafuta ya kupaka, na kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba hataki tunda lolote: anataka umbea. Kwa vijana wa Tanzania ubuyu ni habari za wasanii, nani kaachana na nani. Tovuti kumi zikikuunganisha kwa neno "ubuyu" tupu, utakuwa umeingia ulingoni na kurasa za udaku zenye wasomaji wengi, na hata ukishinda utapata mgeni aliyepotea njia.

Dawa yake ni kuongeza neno moja. "Unga wa ubuyu" unamfukuza mpenda udaku papo hapo. "Mafuta ya ubuyu" yanampeleka mtu wa vipodozi kwenye ukurasa wake. "Unga wa ubuyu wa jumla" unamtenga mwenye duka na mwenye jiko. Haya ni maneno matatu kwa kurasa tatu. Usiyarundike yote kwenye ukurasa wa mwanzo.

Kuna pia mnunuzi wa nje. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliruhusu massa makavu ya tunda la mbuyu yatumike katika vyakula, na tangu hapo wapo wanunuzi wa huko wanaoyatafuta. Huyo hataandika ubuyu, ataandika "baobab powder". Mtengenezee ukurasa wa Kiingereza uliosimama wenyewe, na viungo vya Kiingereza vielekee huko. Kiungo cha Kiingereza kinachomwangusha Mjerumani kwenye ukurasa wa Kiswahili ni hasara kwa pande zote. Kinyume chake pia ni kweli: Mtanzania aliyeko London anaweza kabisa kuandika "unga wa ubuyu", na anastahili kukuta Kiswahili.

Wakati mwingine mpangaji wa neno ni historia. Ukitaka kuuza karanga za Kongwa kwa Kiingereza utajikuta nyuma ya serikali ya Uingereza. Kurasa nyingi za Kiingereza zinazotaja Kongwa na karanga pamoja husimulia mradi mkubwa wa karanga wa serikali hiyo, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni. Vyuo vikuu, majarida na makumbusho wameshalichukua neno hilo, na hawalitoi. Usipigane nao. Kwa Kiswahili sema "karanga za kukaanga", "karanga mbichi kwa gunia", "siagi ya karanga", na Kongwa ibaki ndani ya maelezo kama mahali zilikolimwa.

Majina ya mahali yana nguvu kubwa na yanataka uaminifu. Alizeti imelipa jina la Singida uzito kiasi kwamba mteja wa Dar es Salaam huweza kuita mafuta yoyote ya alizeti "mafuta ya Singida". Kama yako yamekamuliwa Singida, liombe jina hilo kwenye viungo bila aibu. Kama mbegu ulinunua Kibaigwa na kukamulia Dodoma mjini, kaa mbali nalo. Mteja anayefika kwa kiungo cha Singida na kusoma kwenye chupa kwamba yametoka kwingine atajisikia ametapeliwa, na hapo hakuna nafasi ya juu Google itakayokusaidia.

Zabibu zinahitaji akili zaidi kwa sababu wanaozitafuta hawafanani. "Kilimo cha zabibu" na "miche ya zabibu" ni maneno ya mkulima, ambaye pengine anaelekea kituo cha utafiti cha TARI Makutupora na si kwako. "Zabibu kavu" ni neno la mpishi wa pilau na mwoka keki. "Zabibu za Dodoma" ni la msafiri, na tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 wasafiri hao wanaongezeka; wengine hata hawafikirii zabibu, wanafikiria "zawadi ya kutoka Dodoma". Mwenye leseni ya kuuza kilevi atakuta kanisani wanasema divai, vitabuni mvinyo, na dukani watu wanaagiza "wine ya Dodoma" bila wasiwasi wowote. Mimi ningefuata la dukani kwenye kiungo na kuyaacha mengine mawili kwenye maelezo ya ukurasa.

Je, umwache huyo mkulima wa "kilimo cha zabibu" kwa kuwa hanunui? Hapana. Watu hupenda kuunganisha makala inayofundisha kuliko ukurasa wa bei. Andika makala nzuri ya jinsi zabibu zinavyolimwa na kukaushwa hapa, viungo vije kwake, kisha ndani ya makala hiyo weka kiungo chako mwenyewe chenye maneno "zabibu kavu" kuelekea dukani. Viungo vya ndani ya tovuti yako ndivyo pekee unavyovimiliki kwa asilimia mia, na inashangaza jinsi wauzaji wanavyovipuuza na kuvijaza "soma zaidi".

Chagua kabla hujaomba

Wewe huchagui maneno ambayo watu watayaweka kwenye viungo. Wanachagua wao. Mtu akikutaja, kwa kawaida atafanya moja kati ya mambo matatu: ataandika jina la duka, atanakili kichwa cha ukurasa, au atabandika anwani nzima kama ilivyo. Kwa Tanzania hilo la tatu ndilo la kawaida sana, kwa sababu wengi wetu tunanakili anwani kwenye simu na kuibandika. Kwa hiyo uchaguzi wako wa maneno unafanyika pale unapoupa ukurasa jina, kabla hujamwomba mtu yeyote.

Anza na anwani. Inayoishia na "?id=418" ikibandikwa haisemi chochote. Inayoishia na "/mafuta-ya-alizeti-lita-5" inabandikwa ikiwa na maneno yako ndani yake, na msomaji anajua anakokwenda kabla hajabofya. Tenganisha maneno kwa vistari vifupi vya kati, usitumie mstari wa chini. Google inavichukua vya kati kama nafasi kati ya neno na neno. Halafu kichwa cha ukurasa: kisiwe "Karibu sana dukani kwetu", kiwe "Mafuta ya alizeti lita 5, yaliyochujwa" na jina la duka nyuma yake. Kichwa hicho ndicho kitakachotokea mtu akituma anwani kwa WhatsApp, na ndicho mwandishi mwenye haraka atakachonakili. Hata jina la duka lenyewe lina kazi hapa. Ukiwa bado hujalisajili, jina lenye neno la bidhaa ndani yake litakuletea neno hilo kila unapotajwa, ingawa litakubana siku utakapotaka kuuza kitu kingine.

Picha nazo ni viungo. Mshirika akiweka nembo yako kwenye tovuti yake na nembo hiyo ikibofywa inakuja kwako, Google husoma maelezo mbadala ya picha badala ya maneno ya kiungo. Unapomtumia nembo, mtumie na sentensi ya maelezo hayo. La sivyo picha itabaki na jina la "IMG_2031".

Baada ya hapo omba, na uombe kwa watu wenye sababu ya kukutaja. Hoteli inayopikia mafuta yako, mwoka keki anayenunua zabibu kavu, chama cha ushirika unachonunua kwake mazao, waandaaji wa orodha ya washiriki wa maonyesho ya Nanenane pale Nzuguni, mwandishi wa Mwananchi au HabariLeo anayeandika habari za alizeti. Usimpelekee mtu neno moja la kuweka kama amri. Mpe anwani ya ukurasa unaomhusu, umwambie ukurasa huo unauza nini, umwache aandike sentensi yake. Hoteli itasema "tunapikia mafuta ya alizeti kutoka" na jina lako. Mwoka keki atasema "zabibu hizi kavu za Dodoma". Utofauti huo ni mali. Kama mtu ameshaandika "bofya hapa", si vibaya kumwomba kwa upole abadilishe. Kama ni gazeti, acha lilivyo, kiungo cha gazeti chenye maneno dhaifu bado ni kiungo cha gazeti.

Sasa, wapo watakaokuambia asilimia kamili: hivi viwe vya jina la duka, hivi vya bidhaa, hivi vya anwani. Google haijawahi kutoa hesabu hiyo. Ninachoweza kusema ni kwamba duka la kawaida ambalo watu wanalitaja kwa hiari yao huwa na viungo vingi vya jina lake na vya anwani tupu, na vichache vya bidhaa, tena kwa maneno yanayotofautiana. Ukiona viungo vyako vyote vinasema "mafuta ya alizeti bei nafuu Dodoma", neno kwa neno, ujue hata mtu asiyejua kompyuta atahisi kuna mkono mmoja nyuma yake.

Duka la J.C. Penney la Marekani lilionja matokeo yake. Februari 2011 gazeti la The New York Times lilionyesha kwamba kampuni hiyo kubwa ilikuwa ikiongoza Google kwa maneno ya nguo, matandiko na mabegi kwa msaada wa viungo vilivyotundikwa kwenye kurasa zaidi ya 2,000, zikiwamo za kasino na za kuuza nyumba Bulgaria, ambako maneno ya magauni yalikuwa hayana kazi yoyote. Kampuni ilikana kuviagiza. Google ikaishusha: kwa begi moja la safari ilitoka nafasi ya 1 jioni hadi ya 71 saa 2 baadaye. Mwaka uliofuata, Aprili 2012, Google ikaleta mabadiliko yaliyoitwa Penguin, yaliyolenga viungo vya kupanga vya aina hiyo. Kwa hiyo akija kijana na kifurushi cha viungo 500 kwa bei ya gunia la karanga, mwambie asante. Ukimlipa mtu halali akutangaze, kwa mfano mwandishi wa mapishi mwenye wasomaji wengi, kiungo hicho kiwekewe alama ya "sponsored" kwenye msimbo, utaratibu ambao Google iliuleta Septemba 2019. Hakitakupandisha, lakini wateja wataletwa, na hilo ndilo ulilolipia.

Instagram iko hivyohivyo. Anwani uliyoiandika kwenye maelezo ya picha haibofyeki, na kiungo cha kwenye wasifu usikitegemee kukupandisha Google. Kitumie kwa wateja.

Kilichobaki ni matunzo, na kwa wauzaji wa mazao ya msimu hapa ndipo viungo vingi vinapokufa. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mavuno yakiisha, muuzaji anaufuta ukurasa wa zabibu mbichi. Msimu ukirudi anafungua mwingine wenye anwani mpya. Viungo vyote vilivyokusanywa vinabaki vikielekea kwenye ukurasa usiokuwapo. Ukurasa wa zabibu uwe mmoja, wa kudumu, bila mwaka kwenye anwani. Nje ya msimu andika juu yake lini zinatarajiwa tena na uweke namba ya kuagizia mapema. Kama tayari umeshafuta kurasa, mwombe anayekutunzia tovuti azielekeze anwani za zamani kwenye ule mpya kwa njia ya kudumu, inayojulikana kwa namba 301. Usizielekeze zote kwenye ukurasa wa mwanzo.

Kila baada ya miezi mitatu hivi fungua sehemu ya viungo katika Search Console. Itakuorodheshea kurasa zinazounganishwa zaidi na maneno yanayotumika zaidi kwenye viungo hivyo. Tafuta ukurasa unaouza vizuri ambao hauna kiungo hata kimoja, na uanze na huo. Tafuta pia neno usilolitarajia. Ukikuta watu watatu wasiofahamiana wamekuunganisha kwa "alizeti ya kupikia chipsi", usiwasahihishe; nenda kaandike ukurasa wa mafuta ya dumu kwa wakaanga chipsi.